Hati ya Kazi na Hatima ya Itifaki: Uchambuzi wa Upangaji wa Viwango vya Intaneti kwa Mitandao ya Nguvu Ndogo

Mtu aipokeapo itifaki iliyokwisha kupigwa chapa, yenye nambari yake, tarehe yake na majina ya waandishi wake, aghalabu huihukumu kwa yale yaliyomo ndani yake, asipate wasaa wa kuuliza swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: kabla mstari wa kwanza haujaandikwa, ni nani aliyeamua kwamba kazi hii ifanywe, na ile iachwe, na ile nyingine iahirishwe? Rai yangu katika uchambuzi huu ni kwamba hatima ya itifaki huamuliwa zaidi katika saa hiyo ya kupanga kuliko katika miaka ya kuandika inayofuata, na kwamba historia ya kuipeleka intaneti katika vifaa vidogo vya redio, vile vinavyoishi kwa betri na kulala sehemu kubwa ya umri wao, ni ushahidi ulio wazi wa jambo hilo.

Kazi hii imefanywa kwa sehemu kubwa katika Jopokazi la Uhandisi wa Intaneti, lijulikanalo kwa herufi IETF, baraza ambalo halina uanachama wa kulipiwa wala upigaji kura, na ambalo huamua mambo yake kwa muwafaka wa wahusika na kwa ushahidi wa programu zinazofanya kazi kweli. Kikundi cha kazi hakizaliwi humo ila kwa hati, ambayo hutaja shida inayotakiwa kutatuliwa, nyaraka zitakazotolewa na muda unaotarajiwa; na rasimu yoyote isiyofanyiwa marekebisho hupitwa na wakati baada ya miezi sita. Hati hiyo ya kazi, ambayo kwa kawaida haizidi kurasa chache, ndiyo nitakayokuwa nikiirudia.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwaka 2003 taasisi ya IEEE ilitoa kiwango cha redio chenye jina 802.15.4, kilichokusudiwa vifaa rahisi vyenye mwendo wa kilobiti 250 kwa sekunde, na fremu yake kubwa kabisa haikuzidi baiti 127. Upande wa pili palikuwa na itifaki ya IPv6, iliyorekebishwa mwaka 1998, ambayo kichwa chake peke yake ni baiti 40, na ambayo hudai kwamba kila njia inayoipitisha iweze kubeba pakiti ya baiti 1,280. Hesabu yake ilikuwa nzito: katika zile baiti 127, redio yenyewe yaweza kuchukua 25, ulinzi wa usiri ukachukua 21, zikabaki 81, kichwa cha IPv6 kikila 40 na kile cha itifaki ya usafirishaji ya UDP kikila 8, mwenye habari ya kupeleka, awe ni mpima joto au mpima maji, husaziwa baiti 33.

Fauka ya hayo kulikuwa na hesabu ya umeme. Chipu ya redio iliyotumika sana katika majaribio ya miaka ile, CC2420, ilitumia miliampea 18.8 ilipokuwa ikisikiliza na miliampea 17.4 ilipokuwa ikituma kwa nguvu zake zote, maana yake kusikiliza tu kulikuwa ghali kuliko kunena. Jozi ya betri ndogo zenye akiba ya miliampea-saa 2,500 hivi, redio ikiachwa wazi usiku na mchana, haitimizi siku 6. Lakini redio hiyohiyo ikilazwa kwa asilimia 99 ya muda wake, akiba hiyo yaweza kufika mwaka mmoja na nusu, ukiacha matumizi ya sehemu nyingine za kifaa. Kwa hiyo kila ujumbe ambao itifaki huudai bila haja, na kila dakika inayokilazimisha kifaa jirani kukaa macho, ni umri wa kifaa unaopunguzwa.

Mbele ya hesabu hizo, wataalamu wengi wa zama hizo walishikilia kwamba intaneti haifai humo hata kidogo, na kwamba vifaa hivyo vitungiwe lugha zao mahsusi, kisha pawekwe mkalimani mlangoni mwa mtandao. Ushirika wa ZigBee, uliosimama tangu 2002, ulikwenda njia hiyo, na makampuni kadha wa kadha yakawa na lugha zao za siri. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu, maana iktisadi ya baiti ni jambo la haki. Ila waliipima gharama ya kifaa, wasiipime gharama ya mkalimani, ambaye hana budi kuijua kila huduma inayopita kwake, akarekebishwa kila huduma mpya izukapo, na akawa ndiye mahali ambapo mfumo mzima hukwama. Huko Sweden, Adam Dunkels alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba itifaki za intaneti zaweza kuandikwa upya zikatosha katika kompyuta yenye kumbukumbu finyu mno, na mwaka 2008 Jonathan Hui na David Culler, katika utafiti wao uliotoka Berkeley, walithibitisha kwa vipimo kwamba mtandao wa sensa unaotumia IPv6 waweza kushindana na ile iliyotungiwa lugha za pekee. Nahukumu kwamba uamuzi wa kuihifadhi intaneti na kuishona ienee, badala ya kuibuni nyingine, ulikuwa ndio uamuzi ulio bora kuliko yote katika habari hii.

Kikundi cha kwanza, 6LoWPAN, kilipata hati yake mwaka 2005, na hati hiyo ilikuwa finyu kwa makusudi: kieleze shida, kisha kieleze namna ya kuipitisha pakiti ya IPv6 juu ya redio ile moja, basi. Waraka wa shida, RFC 4919 (RFC ndilo jina la nyaraka za IETF zilizopigwa chapa na kupewa nambari), ulitoka Agosti 2007, na ule wa ufumbuzi, RFC 4944, ukatoka mwezi uliofuata. Mambo makubwa yaliachwa nje, likiwemo lile la kutafuta njia kutoka kifaa hadi kifaa, na wako waliolalamika kwamba kikundi kimekwepa kiini cha kazi. Mimi naona kinyume chake: kwa kujifunga kiasi kile, watu wa makampuni yaliyokuwa yakishindana waliweza kuafikiana katika muda wa miaka miwili juu ya msingi ambao hata leo haujang'olewa.

Hata hivyo ufinyu huo ulikuwa na taksiri zake, na zinafaa kuchunguzwa kwa insafu. Ili kutimiza dai la baiti 1,280, waraka ule uliweka utaratibu wa kuikata pakiti vipande. Zamani katika bandari ya Tanga meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, shehena ikashushwa kwa matishali mpaka pwani. Utaratibu huu ulifanana na huo, kwa tofauti moja iliyo chungu, kwamba tishali moja likizama mfanyabiashara alipaswa kuagiza shehena yote upya. Katika redio ambayo hupoteza fremu kila mara, kipande kimoja kikipotea pakiti nzima hutupwa, na umeme uliotumika kuvipeleka vipande vilivyofika salama umekuwa israfu. Dawa yake, yaani kukidai kipande kilichopotea peke yake, ilikuja katika RFC 8931 mwaka 2020, miaka 13 baadaye.

Taksiri ya pili ilikuwa katika kubana vichwa. Utaratibu wa awali ulibana vizuri pale tu jirani anapozungumza na jirani kwa anwani za mahali hapohapo. Lakini kifaa kilipotaka kuzungumza na dunia, ambayo ndiyo faida yote ya kuwa na intaneti, anwani ndefu zilibaki kwa urefu wake. Kosa hili lilitokana na mpango kuliko ujuzi wa waandishi, kwa sababu hati iliitazama redio bila kuutazama mtandao unaotumiwa na watu. Marekebisho ya Hui na Pascal Thubert, RFC 6282 ya Septemba 2011, yalitumia maarifa ambayo vifaa vyote vya mtandao mmoja vinashirikiana, kichwa cha baiti 40 kikashuka hadi baiti 2 kati ya majirani, na hadi 7 kinapovuka vifaa kadhaa. Mwaka mmoja baadaye, RFC 6775 ilirekebisha namna kifaa kinavyowajua jirani zake: kaida ya zamani ilikuwa kuwaulizia wote kwa sauti, jambo lisilo na maana kwa jirani aliyelala, na kaida mpya ikawa kifaa kijiandikishe chenyewe kwa ruta kiamkapo, kisha kirudi kulala kwa amani.

Sasa tufike penye mvutano ulio mkubwa kuliko yote, nao ni wa kutafuta njia. Mwaka 2008 kiliundwa kikundi cha ROLL, na mpango wake, ukiutazama juu juu, ulikuwa wa kupigiwa mfano: kwanza yaandikwe mahitaji ya watumiaji, pili zipimwe itifaki zilizopo, tatu ndipo itungwe mpya endapo zilizopo hazitoshi. Mahitaji yaliandikwa katika nyaraka nne: ya miji na ya viwanda mwaka 2009, ya nyumba na ya majengo makubwa mwaka 2010. Uchunguzi wa itifaki zilizopo nao ulifanywa kwa vigezo vitano, mathalani kwamba jedwali la njia lisikue kwa kadiri ya idadi ya vifaa vyote, na kwamba ujumbe wa kuitunza njia usizidi ujumbe wenye faida. Na hapakuonekana hata itifaki moja iliyovitimiza vyote.

Lakini angalia mahitaji yenyewe. Mji ulitaka mtandao unaojigawa katika maeneo ya vifaa mia moja hadi elfu kumi, ambavyo karibu vyote hupeleka habari upande mmoja, kwa mkusanyaji. Nyumba ilitaka vifaa 250 tu, ila ilitaka kitufe cha ukutani kizungumze na taa iliyo karibu nacho, na mtu hawezi kusimama gizani akingoja. Haja hizi mbili ni tofauti katika asili, na mpango ukaamuru kwamba haja za nyaraka zote nne zitimizwe na itifaki moja. Matokeo yake ni RPL, iliyotolewa Machi 2012 kama RFC 6550 katika kurasa 157, kazi ya akili kubwa ambayo huvipanga vifaa mithili ya mti wenye mzizi, na hupunguza maneno yake kwa hila nzuri ya kunyamaza pale mambo yanapotulia. Ndani yake mna namna mbili za kuhifadhi njia: katika moja kila ruta hukumbuka walio chini yake, katika nyingine mzizi peke yake hukumbuka na kila pakiti inayoshuka hubeba orodha ya vituo vyake, na hizo mbili hazichanganywi katika mtandao mmoja. Kanuni za kupima ubora wa njia zikawekwa katika nyaraka nyingine, na zile za kukiunganisha kitufe na taa bila kuupandia mti zikatolewa mwaka 2013, kwa daraja la majaribio tu.

Haishangazi basi kwamba palitokea ikhtilafu. Thomas Clausen na wenzake waliandika uchambuzi mkali wa RPL, wakapendekeza itifaki nyepesi iitwayo LOADng, ambayo huitafuta njia pale tu inapohitajika. Haikupata kuwa RFC, lakini ilipata makao katika kiwango G.9903 cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, kihusucho mita zinazozungumza kupitia nyaya za umeme. Mwaka 2014 lilitangazwa kundi la Thread kwa ajili ya vifaa vya nyumbani, nalo lilichukua ubanaji wa 6LoWPAN bila kusita, ila likaiacha RPL na kutunga utaratibu wake wenye ruta zisizozidi 32 kwa wakati mmoja. Ushirika wa Wi-SUN, wenye mitandao ya mita na taa za barabarani, uliichukua RPL kwa namna ile moja ya mzizi unaokumbuka yote. Ukiyaweka haya pamoja, hukumu hujitokeza yenyewe: kile kilichopangwa kwa mpaka finyu kilichukuliwa na wote, na kile kilichoamriwa kimridhishe kila mtu kilichukuliwa vipandevipande, kila mmoja akikata sehemu imfaayo. Lau hati ya 2008 ingeruhusu itifaki mbili ndogo, moja ya kukusanya na moja ya kuamrisha, naamini nyumba na mji vingepata haki zao mapema zaidi.

Itifaki ya CoAP, iliyoandikwa na kikundi cha CoRE kilichoanza 2010 na kutolewa Juni 2014, haihitaji maneno mengi, kwa sababu ni mfano wa mpango uliokwenda sawa. Hati ilitaka desturi za wavuti zifike katika kifaa kidogo bila kuubeba uzito wa wavuti. Ikapatikana itifaki yenye kichwa cha baiti 4, ambayo mhandisi mmoja aweza kuiandika na kuielewa.

Mwenye kupanga hana budi pia kutenganisha mipaka inayodumu na mipaka ipitayo. Zile baiti 127 zilizowasumbua watu wa 2005 hazikuwa sheria ya maumbile. Mwaka 2012 nyongeza ya kiwango kilekile cha redio, kwa ajili ya mitandao ya huduma za mijini, iliruhusu fremu za baiti 2,047. Kumbukumbu ya chipu nayo hupungua bei mwaka hadi mwaka. Lakini gharama ya kuiwasha redio, na uhaba wa mawimbi ambayo wote hushirikiana, haziondoki. Kwa hivyo ilikuwa hekima kwamba kikundi cha 6Lo, kilichokirithi 6LoWPAN mwaka 2013, kiliuchukua ubanaji uleule na kuupeleka katika Bluetooth ya nguvu ndogo mwaka 2015, katika DECT mwaka 2017, na katika nyaya za umeme mwaka 2023, kwa kuwa kilichokuwa kikihamishwa ni nadhari ya kuuhifadhi umeme na mawimbi, ambayo haifungamani na fremu ya redio moja.

Pale ambapo nadhari hiyo haikutosha, kilianzishwa kikundi kipya. Mitandao ya masafa marefu kama Sigfox hupokea kutoka kwa kifaa ujumbe wa baiti 12 tu, mara 140 kwa siku, na humo hata kichwa kilichobanwa hadi baiti 7 ni kikubwa mno. Kikundi cha LPWAN, kilichoanza 2016, kilitambua kwamba mitandao hiyo haina njia za kutafutwa, maana kila kifaa huzungumza moja kwa moja na mnara, na kwamba mazungumzo yake yanajulikana tangu mwanzo. Basi kikaamua kanuni za kichwa ziwekwe katika ncha zote mbili kabla ya safari, na hewani ipite nambari ya kanuni pamoja na machache yaliyobaki. Huo ndio utaratibu wa SCHC, RFC 8724 ya Aprili 2020. Ninausifu kwa sababu waandishi wake walikataa kuubeba urithi wa 6LoWPAN pale usipofaa.

Limebaki jambo la usalama, na hapa ndipo moyo wangu huuma. Kila waraka nilioutaja una sehemu yake ya usalama, kwa kuwa utaratibu wa IETF huidai; lakini swali la namna kifaa kipya, kisicho na kioo wala vitufe, kinavyopewa ufunguo wake siku ya kwanza, na namna programu yake itakavyorekebishwa mwaka wa saba, liliahirishwa kutoka hati hadi hati. CoAP ya 2014 ilielekeza kwenye itifaki ya usalama ya DTLS, ambayo salamu zake za awali ni ndefu kwa redio hizi. Ulinzi wa ujumbe wenyewe toka ncha hadi ncha, OSCORE, ulikuja 2019. Mpango wa kurekebisha programu kwa salama, RFC 9019, ukaja 2021. Na salamu nyepesi za kubadilishana funguo, EDHOC, ambazo katika hali iliyo nyepesi kabisa humalizika kwa jumla ya baiti 101, zikaja Machi 2024. Katika miaka hiyo kumi vifaa vingi viliingizwa sokoni. Mwaka 2016 programu ya hujuma iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa kutumia nywila za kiwandani ambazo hazikubadilishwa, ikazitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti. Kamera hizo hazikuwa za nguvu ndogo, lakini udhaifu wao, yaani kifaa kuanza kazi bila ufunguo wake mwenyewe, ndio uleule ambao hati hizi ziliendelea kuuweka kiporo. Ufunguo wa siku ya kwanza ulistahili kuwa sharti katika hati ya 2005, mahali pamoja na ubanaji wa vichwa.

Na mahitaji yanayoandikwa ni mahitaji ya waliopo. ROLL iliandika ya miji, viwanda, nyumba na majengo. Kilimo kilitajwa miongoni mwa matumizi katika RFC 6568 ya mwaka 2012, ila hakikupata waraka wake wa mahitaji ya njia, nacho ndicho chenye vifaa vilivyotawanyika mbali, bila umeme wa gridi, na visivyotembelewa na fundi kwa misimu. Hakuna aliyekizuia, waliokijua hawakuwapo mezani wakati hati ikiandikwa. Kwa wahandisi wa vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na kwa mamlaka za mawasiliano zinazogawa mawimbi, ombi langu ni hili: msingoje itifaki ipigwe chapa ndipo muisome. Rasimu zote za IETF zi wazi, hazitozwi ada, na mjadala wake huendeshwa kwa barua pepe na kwa vikao vinavyohudhuriwa pia kwa mbali. Kikundi kipya kinapotangazwa, isomeni hati yake ikiwa bado ni rasimu, andikeni mahitaji ya shamba, ya kisima na ya zahanati ya kijijini kwa vipimo na kwa nambari, mkaipeleke hoja hiyo mapema, kabla mpaka wa kazi haujafungwa.